Saa ya Muamala: Jinsi Postgres Ilivyokumbuka, Ikasahau, Kisha Ikakumbuka Tena

Kila hifadhidata inayoaminika hujibu swali moja bila kusita: kati ya mabadiliko haya mawili, lipi limetangulia? Swali la pili linafanana na hilo mpaka watu huyachanganya, ila ugumu wake ni mwingine: badiliko hili lilithibitishwa saa ngapi? Anayetuma fedha kwa simu, anayesajili kiwanja na anayefunguliwa jalada hospitalini wote hudhani kwamba mtambo unaotunza kumbukumbu zao unajua majibu yote mawili. Mara nyingi unajua la kwanza tu.

Historia ya Postgres inalionyesha jambo hili vizuri. Ni mfumo wa hifadhidata uliozaliwa chuoni nchini Marekani, na leo unatumika duniani kote bila malipo ya leseni. Waasisi wake waliahidi kukumbuka saa ya kila badiliko. Warithi wao wakaifuta ahadi hiyo mwaka 1997. Ikarudi mwaka 2016, ikiwa imepunguzwa na kuwekewa masharti. Sababu za safari hiyo zinamhusu kila mtu anayeitegemea kompyuta kuwa shahidi wake.

Wazo la Berkeley

Katika miaka ya 1970, Michael Stonebraker na Eugene Wong wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walijenga Ingres. Ilikuwa miongoni mwa hifadhidata za kwanza kuyatia katika vitendo mawazo ya Edgar Codd wa IBM, aliyependekeza mwaka 1970 kwamba data ipangwe katika majedwali. Ingres ilipokwisha kuwa bidhaa ya biashara, Stonebraker aliona ina mipaka ambayo viraka visingeiondoa. Mwaka 1986 yeye na Lawrence Rowe wakachapisha muundo wa mfumo mpya kabisa, Postgres.

Mwaka uliofuata Stonebraker alichapisha makala nyingine, hii ikihusu injini ya kuhifadhi peke yake, yaani sehemu ya programu inayoamua data ilale vipi kwenye diski. Hapo ndipo suala la saa lilipoingia.

Ili kuelewa alichokifanya, tuanze na muamala. Muamala ni kundi la mabadiliko ambayo ama yote yanakubaliwa, ama yote yanakataliwa. Fedha ikitoka katika akaunti moja, sharti iingie katika nyingine. Nusu ya kazi hairuhusiwi. Mabadiliko yote yakikamilika, muamala huthibitishwa, na tangu hapo hata umeme ukikatika hayafutiki. Hifadhidata nyingi za wakati ule zilitimiza sharti hilo kwa kuandika thamani mpya juu ya ile ya zamani, huku zikitunza pembeni daftari la kila kilichobadilishwa. Mashine ikianguka, daftari lilisomwa na hali ikarejeshwa.

Stonebraker hakuipenda njia hiyo. Programu za kurejesha hali zilikuwa ngumu kuandika, na ngumu zaidi kuzijaribu, kwa kuwa hufanya kazi siku ya ajali tu, na siku hiyo ndiyo zisiyotakiwa kukosea. Akaamua kuziondoa. Ndani ya Postgres hakuna kitu kingeandikwa juu ya kingine. Mshahara wa mtumishi ukibadilika, rekodi ya zamani inabaki mahali pake ikiwa na alama kwamba zamu yake imekwisha, na rekodi mpya inaongezwa. Muamala ukishindwa, hakuna cha kurejesha: nakala ya zamani haijaguswa.

Uamuzi huo ulifungua mlango mwingine. Kama nakala za zamani zipo, kwa nini zisisomwe? Stonebraker akapanga kwamba kila rekodi ibebe namba ya muamala ulioizaa na namba ya muamala ulioimaliza, na kando ya namba hizo saa mbili: tangu lini rekodi ilikuwa halali, na mpaka lini. Mtumiaji angeweza kuuliza mshahara wa mtumishi ulikuwa kiasi gani tarehe fulani ya mwaka jana, na mfumo ungejibu kana kwamba siku hiyo ndiyo leo. Nakala zilizopitwa na wakati zingehamishiwa kwenye diski za mwanga ambazo huandikwa mara moja tu. Kazi hiyo ya kufagia na kuhamisha ilipewa jina la vacuum, na jina hilo lipo mpaka leo.

Fumbo la saa isiyojulikana

Wazo lilikuwa zuri, lakini lilikuwa na fundo. Saa inayohitajika ni ile ya kuthibitishwa, na rekodi inapoandikwa saa hiyo bado haijafika. Muamala mmoja unaweza kuandika rekodi elfu moja katika dakika tano, na hakuna hata moja iliyo halali mpaka mwisho. Injini ikitaka kuandika saa sahihi katika kila rekodi, inabidi muamala ukishathibitishwa irudi kuzitafuta zote elfu moja, nyingi zikiwa zimeshapelekwa kwenye diski. Kazi ingekuwa maradufu.

Dawa ya Stonebraker ilikuwa kuiacha nafasi ya saa ikiwa tupu. Muamala ulipothibitishwa, saa yake iliandikwa mara moja tu katika jedwali la pembeni, mbele ya namba ya muamala huo. Rekodi zilijaziwa saa zake baadaye, kwa utaratibu, bila kumchelewesha mtu. Jedwali jingine dogo lilitunza hatima ya kila muamala kwa biti mbili tu: unaendelea, umethibitishwa au umeshindwa. Msomaji aliyekuta rekodi aliitazama namba yake, akaangalia hatima ya namba hiyo, na akajua kama aiamini.

Huo ulikuwa ubunifu mkubwa, na mgawanyo wake umedumu kuliko Postgres ya kwanza yenyewe. Hatima ya muamala ni kitu kimoja. Saa yake ni kitu kingine. Hatima inahitajika kila sekunde, maana bila hiyo injini haiwezi kumwonyesha mtu rekodi hata moja. Saa inahitajika pale tu mtu anapoiuliza.

Toleo la kwanza liliwafikia watumiaji wachache wa nje ya chuo Juni 1989. Lilivutia watafiti, na lilikuwa zito. Jedwali la saa lilikua kwa kila muamala na halikuwa na mahali pa kuishia. Mwaka 1994 mradi wa Berkeley ulifungwa baada ya toleo la 4.2.

Ahadi inafutwa

Postgres haikufa kwa sababu wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, waliipa uwezo wa kuelewa lugha ya SQL na kuitoa kwa umma kwa jina la Postgres95. Mwaka 1996 kikundi cha watu wa kujitolea, waliofahamiana kwa barua pepe, kikaipokea na kuipa jina la PostgreSQL. Marc Fournier alitoa seva kule Toronto. Bruce Momjian alikuwa Philadelphia, Thomas Lockhart Pasadena, na Vadim Mikheev katika mji wa Krasnoyarsk nchini Urusi.

Warithi hawa hawakuwa wakitafuta makala ya utafiti. Walitaka hifadhidata ambayo mtu wa kawaida angeiwasha na kuitegemea. Walipoupima uwezo wa kusafiri katika wakati, waliona unagharimu watu wote kwa faida ya wachache. Kila rekodi ilibeba nafasi za saa, ziulizwe zisiulizwe. Diski zilijaa. Faili la saa za miamala lilivimba upesi na halikukoma. Toleo la 6.2 lilipotoka Oktoba 1997, uwezo huo ulikuwa umeondolewa, na nyaraka za mfumo zilizitaja sababu hizo waziwazi. Aliyetaka kutunza nyakati alishauriwa azitunze mwenyewe ndani ya majedwali yake.

Ni rahisi kuliona jambo hilo kama kurudi nyuma. Lakini msingi wake wa kinadharia ulikuwa umeshawekwa. Mwaka 1978 Leslie Lamport alichapisha makala iliyoonyesha kwamba mashine nyingi zinaweza kukubaliana kuhusu mpangilio wa matukio bila kuangalia saa ya ukutani. Kila mashine inashika namba inayopanda. Ikipokea ujumbe wenye namba kubwa kuliko yake, inaipandisha yake ipite ile. Mwaka huohuo David Reed wa MIT alieleza katika tasnifu yake ya udaktari jinsi ya kutunza kila thamani kama mfuatano wa nakala. Usahihi wa hifadhidata unahitaji mpangilio. Saa ni nyongeza.

PostgreSQL ikabaki na namba, na mwaka 1999, katika toleo la 6.5, Mikheev alizitumia kujenga utaratibu ambao anayesoma hamzuii anayeandika, wala anayeandika hamzuii anayesoma. Msomaji anapoanza, injini humpa picha ya hali: miamala ipi imeshathibitishwa na ipi bado inaendelea. Orodha hiyo ya inayoendelea ni ya lazima, kwa sababu namba hutolewa muamala unapoanza kuandika, si unapomalizika. Ni kama namba za foleni benki: anayeshika namba 40 anaweza kutoka mlangoni kabla ya mwenye 37, kwa kuwa shughuli ya huyo wa pili ni ndefu. Kwa hiyo namba ya muamala peke yake haisemi ni nani aliyethibitishwa kwanza, sembuse saa ngapi.

Namba nazo zina bei

Kuacha saa na kushika namba hakukumaliza matatizo yote. Namba ya muamala katika PostgreSQL ina biti 32, yaani nafasi zaidi kidogo ya bilioni 4, kisha inaanza upya. Ili injini itofautishe zilizopita na zijazo, miamala takriban bilioni 2 tu inaweza kuhesabiwa kuwa nyuma ya ule wa sasa. Toleo la 7.2 la mwaka 2002 lilileta ufumbuzi: vacuum hupita na kuzigandisha rekodi za zamani, zikahesabiwa kuwa zimepita daima. Ugandishaji ukichelewa sana, hifadhidata hukataa kuandika kitu chochote ili isije ikapoteza data. Julai 2015 huduma ya Sentry, inayokusanya taarifa za hitilafu za programu, ilisimama kwa saa nyingi kwa sababu hiyohiyo.

Oracle, iliyokuwa ikiuzwa kwa mabenki na serikali, ilipita njia tofauti ikakutana na mtihani unaofanana. Inatoa namba wakati wa kuthibitisha, kwa hiyo namba zake zinafuata mpangilio wa kweli wa miamala. Hifadhidata mbili za Oracle zikiunganishwa, yenye namba ndogo huipandisha kama Lamport alivyoeleza. Kampuni iliweka kikomo kinachopanda pamoja na kalenda: namba 16,384 kwa kila sekunde iliyopita tangu Januari 1, 1988. Kikomo hicho kilionekana kikubwa mno kufikiwa. Kumbe kasoro katika utaratibu wa nakala rudufu ilikuwa ikizirusha namba mbele, na kila hifadhidata iliyounganishwa ikaambukizwa. Habari zilipotoka Januari 2012, Oracle ilitoa marekebisho mwezi huohuo. Na kwa swali la saa, Oracle ilitunza jedwali linalolinganisha namba na nyakati, lenye usahihi wa sekunde kadhaa tu. Hata kampuni tajiri iliona kwamba saa kamili ya kila muamala ni mzigo.

Saa inarudi

Kwa upande wa PostgreSQL, saa ilianza kurudi kimyakimya. Toleo la 7.1 la mwaka 2001 lilileta daftari la mabadiliko, lile ambalo Stonebraker alilikwepa, na ndani yake kila uthibitisho ukaandikwa pamoja na saa. Tangu toleo la 8.0, Januari 2005, mtu aliyefuta jedwali kwa bahati mbaya aliweza kuchukua nakala rudufu, akalisoma daftari na kuiamuru hifadhidata isimame dakika moja kabla ya ajali. Lakini huwezi kuiuliza hifadhidata inayofanya kazi kuhusu rekodi moja kwa njia hiyo, na kurasa za zamani za daftari hutumiwa upya.

Kilicholeta mabadiliko ni seva nyingi. Kampuni ya 2ndQuadrant ilikuwa ikijenga mfumo ambao seva mbili au zaidi za PostgreSQL, kila moja katika mji wake, zote zinapokea maandishi. Mtu akibadili anwani yake katika seva moja, na karani akaibadili rekodi hiyohiyo katika nyingine, seva zitakapokutana lazima mmoja ashinde. Kanuni inayoeleweka haraka ni kwamba wa mwisho ndiye mshindi. Namba za muamala hazisaidii hapa, kwa kuwa kila seva ina mfululizo wake. Ili kumjua wa mwisho, saa inahitajika.

Toleo la 9.5 lililotoka Januari 2016 likaja na uwezo huo, kazi ya Álvaro Herrera na Petr Jelínek. Ukiuwasha, kila uthibitisho huandikwa katika faili la pembeni kwa baiti 10: 8 za saa, inayohesabiwa kwa sehemu ya milioni ya sekunde, na 2 za kuonyesha badiliko lilitoka seva gani. Linganisha na biti 2 za hatima. Ukurasa mmoja wa kilobaiti 8 hubeba hatima za miamala 32,768, lakini saa za miamala 819 tu. Tofauti hiyo ya mara 40 ndiyo inayoeleza kwa nini uwezo huu huja ukiwa umezimwa, na mwenye hifadhidata ndiye anayeamua kuuwasha.

Muundo wake ungetambuliwa mara moja na Stonebraker wa 1987: saa haimo ndani ya rekodi, imo katika jedwali la pembeni, mbele ya namba ya muamala. Waliorekebisha walirekebisha lile lililowashinda wa kwanza. Faili halikui bila mwisho, kwa sababu vacuum ikishazigandisha rekodi za zamani, saa za miamala hiyo hutupwa. Injini inakumbuka, lakini kwa muda. Miamala iliyothibitishwa kabla hujauwasha uwezo huu haina saa kabisa.

Kuna sharti la ndani zaidi. Saa husomwa kabla kidogo ya uthibitisho kuandikwa kwenye daftari. Miamala miwili inayokimbizana inaweza kusoma saa kwa mpangilio mmoja na kuingia daftarini kwa mpangilio mwingine. Aidha, saa ya seva inaweza kurudishwa nyuma inaposahihishwa. Kwa hiyo hata leo saa ya uthibitisho ndani ya PostgreSQL ni ushahidi mzuri wa wakati, lakini haina mamlaka juu ya mpangilio.

Google ndiyo iliyoonyesha gharama ya kuyaunganisha mambo hayo mawili. Mwaka 2012 ilichapisha maelezo ya Spanner, hifadhidata iliyotawanyika katika vituo vya data vya mabara mbalimbali. Vituo hivyo viliwekewa antena za GPS na saa za atomiki, na programu ikiuliza saa hupewa muda kati ya nukta mbili, yaani mapema zaidi inayowezekana na ya mwisho inayowezekana. Shaka hiyo kwa kawaida ilikuwa kati ya milisekunde 1 na 7. Kabla ya kutangaza kwamba muamala umethibitishwa, Spanner husubiri mpaka shaka iishe. Hapo tu ndipo saa na mpangilio hukubaliana, na bei yake ni mitambo maalumu pamoja na subira katika kila muamala unaoandika.

Somo kwa wanaojenga

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Wahandisi wanaojenga mifumo ya malipo, ya afya na ya ardhi wanaufahamu ukweli huo, na karibu kila jedwali lao lina sehemu inayoonyesha rekodi iliingizwa lini. Wengi huijaza kwa amri ya now(). Katika PostgreSQL amri hiyo hutoa saa ambayo muamala ulianza. Muamala ulioanza saa 4:00:00 asubuhi na kuthibitishwa saa 4:00:05 utaacha rekodi inayosema 4:00:00. Programu ya ripoti iliyochukua saa 4:00:03 kila kilichokuwapo haikuiona rekodi hiyo. Ikirudi baadaye na kuomba zilizoingia baada ya 4:00:03, haitaiona tena. Malipo yapo, ripoti haina, na hakuna aliyeiba. Ni fumbo lilelile la mwaka 1987: anayeandika rekodi hawezi kujua saa ya kuthibitishwa, kwa sababu bado haijafika.

Kinachofaa ni kuyatenganisha maswali mawili tangu siku ya kuchora mfumo. Kama ripoti inahitaji kutopitwa na kitu, ifuate mpangilio wa daftari la mabadiliko, isifuate saa. Kama saa itakuja kuwa ushahidi mbele ya mteja, mkaguzi au hakimu, iandikwe kama data, katika jedwali lake, na ielezwe ni saa ya nini: ya kuanza, ya kuandikwa au ya kuthibitishwa. Kama seva ni nyingi na wa mwisho ndiye mshindi, saa zao zisimamiwe kwa uangalifu uleule unaopewa fedha zenyewe.

Watu wa Berkeley walikuwa sahihi kwamba historia ya rekodi ina thamani. Wale wa 1997 walikuwa sahihi kwamba thamani hiyo hailazimishwi kwa kila mtu. Wa 2016 waliwasikiliza wote wawili, wakamwachia mwenye data uamuzi. Ofisi inayonunua mfumo wa kutunza haki za watu inapaswa kuufanya uamuzi huo kabla ya kutia saini mkataba, kwa sababu saa ambayo injini haikuambiwa iitunze haiwezi kudaiwa mwaka wa kesi.